Mgeni wa Mvita na Ajiandae Mapema

Kila mwaka mwezi wa Agosti unapokaribia, shule hufungwa, mahindi ya mvua za masika huwa yamekwisha kuingia ghalani katika baadhi ya sehemu za bara, na makarani waliojiwekea siku zao za likizo huanza kuzihesabu kwa vidole. Ndipo jina moja hutajwa katika nyumba nyingi za Kenya, nalo ni Mombasa. Mtoto aliyefundishwa darasani habari za Fort Jesus hutaka kuiona kwa macho yake. Mama aliyesikia sifa za leso za Mtaa wa Biashara hutaka kuzichagua kwa mkono wake mwenyewe. Na mzee ambaye hajapata kuiona bahari husema kwamba hataki kuondoka duniani kabla hajayaonja maji yale, apate kuhakikisha kama kweli ni ya chumvi.

Hayo yote ni matakwa mema, wala hapana wa kuyakataza. Lakini liko jambo moja ambalo huwaponyoka wengi. Likizo ya Agosti ni fupi, wiki tatu hivi, na mwisho wake shule hufunguliwa kwa muhula wa tatu. Karo hutakiwa siku ile ile. Kisha mwezi wa Oktoba mvua za vuli huja, na mbegu na mbolea hutakiwa nazo. Basi fedha ambazo mtu anazo mkononi mwezi wa Agosti si zake zote. Nyingine ni za mwalimu, nyingine ni za shamba, naye amewekewa amana tu. Mtu akienda Mombasa bila kuzigawa fedha hizo, hurudi na picha nyingi katika simu na madeni mengi katika daftari. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Safari ni msala upitao. Shamba na elimu ya watoto ndio mbacha wa kulalia siku zote.

MAJIRA YA KWENDA

Watu wengi hudhani kwamba pwani ni joto mwaka mzima, na kwamba mwezi wowote ni sawa na mwingine. Sivyo. Wakazi wa pwani huugawa mwaka wao kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na wakati huo joto ni kali. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili, ikaleta mvua kubwa za Mei, kisha yaja majira ya kipupwe, ambayo ndiyo ya baridi. Agosti inapokwisha kipupwe kinaondoka na demani inaingia, pepo zikaanza kutulia. Kwa hiyo mwisho wa Agosti ni wakati mwema kwa mtu wa milimani ambaye hajazoea joto. Mchana jua halimchomi sana, na usiku hupata usingizi. Manyunyu ya asubuhi huweza kuja ghafula yakapita, basi mwavuli au koti jepesi halimlemei mtu mkobani.

Aidha, Agosti ni wakati ambao watu wa Ulaya wako katika likizo yao ya kiangazi, nao huja pwani kwa wingi. Vyumba vya hoteli za ufukweni hupanda bei. Msafiri mwenye mfuko mwepesi na atafute nyumba ya wageni kisiwani kwenyewe, naye aulize bei na kuweka nafasi mapema, badala ya kufika jioni na watoto waliochoka na kukubali bei yoyote atakayoambiwa.

Tena yafaa kutazama kalenda ya Kiislamu. Sherehe za Maulidi mwaka wa 2025 ziliangukia mwanzo wa Septemba, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kwa miaka kadha zitakuwa katika Agosti. Siku hizo misikiti ya Mji wa Kale hujaa, na watu huvaa kanzu zao nzuri. Mgeni atakayezikuta atafurahi, lakini na ajue kwamba maduka mengi ya mtaa huweza kufungwa.

NAULI NA MIFUKO MINNE

Zamani msafiri wa Nairobi alipanda gari la moshi lililojengwa na Waingereza, ambalo reli yake ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Gari lile lililala njiani usiku mzima. Tangu tarehe 31 Mei 2017 iko reli mpya, na safari ile imekuwa ya saa tano au sita tu. Mwezi wa Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500. Mtu na mkewe wakienda na kurudi kwa nauli hiyo, hesabu yao ni shilingi 6,000, ambapo hapo kwanza ilikuwa 4,000. Kwa kuwa nauli hubadilika, na aulize kwanza kabla hajapanga. Tikiti hukatwa kwa simu, na katika mwezi wa Agosti viti huisha siku nyingi kabla. Anayengoja siku ya mwisho hujikuta katika basi, na mabasi nayo hupandisha nauli yaonapo abiria wengi.

Jambo ambalo wageni hulisahau ni kwamba reli mpya haiingii kisiwani. Stesheni yake iko Miritini, upande wa bara, na kutoka hapo msafiri bado ana mwendo wa kulipia hata afike mjini. Nauli hiyo ndogo nayo ni nauli. Isipohesabiwa mapema hutoka katika fedha za chakula.

Njia nyepesi ya kuzilinda fedha ni kuzigawa katika mifuko minne kabla ya kufunga mizigo. Mfuko wa kwanza ni wa nauli ya kwenda na kurudi, na ile ya kurudi ilipwe mapema, isishikwe tena. Mfuko wa pili ni wa malazi na chakula. Mfuko wa tatu ni wa kutazama mji na kununua vitu. Mfuko wa nne ni wa dharura, yaani homa ya mtoto au simu iliyoibwa. Huo haufunguliwi kwa ajili ya leso wala samaki hata wakiwa wazuri namna gani. Karo na mbegu hazimo katika mifuko hiyo hata kidogo. Hizo zinabaki nyumbani au benki, na ni bora mume na mke wote wawili wajue ziko wapi na ni kiasi gani, ili mmoja akilegea mwingine amshike mkono.

MWENYEJI NA MAJI YAKE

Wasafiri wengi hawalali hotelini, hufikia kwa jamaa. Desturi hiyo ni nzuri, nayo ndiyo iliyowaunganisha watu wa bara na wa pwani tangu zamani. Lakini yataka adabu, kwa maana maisha ya kisiwani si kama ya shambani.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, chapata kilomita za mraba 14, yaani ekari kama 3,500 tu. Hakilimwi, wala hakikupata kujilisha. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko, aliyefika hapo mwaka wa 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawapandi nafaka bali huletewa kutoka bara, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Alisifu pia misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Miaka karibu 700 imepita, na habari ya nafaka haijabadilika. Kila kikombe cha unga na kila fungu la mchicha linaloliwa Majengo au Mji wa Kale limetoka kwa mkulima wa mahali pengine, na limenunuliwa.

Maji ni vivyo hivyo. Visima vya kisiwa vina maji ya chumvi-chumvi, na maji matamu huletwa kwa mabomba kutoka mbali sana, yakiwamo yale ya chemchemi za Mzima, ambako bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950 na urefu wake unapita kilomita 200. Mji umekua kuliko mabomba yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kwa hiyo katika mitaa mingi bomba hutoa maji siku fulani tu, na siku nyingine maji hununuliwa kwa wachuuzi wa mikokoteni, kwa mtungi wa lita ishirini. Mgeni kutoka kando ya mto, aliyezoea kuoga kwa ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, humwaga fedha za mwenyeji wake bila kujua, na mwenyeji kwa heshima yake hatasema neno.

Basi mgeni mwema hupiga simu mapema, akauliza waziwazi. Mfano ni wa kijana mkulima wa Taita aliye na mjomba wake Majengo:

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo, mjomba. Twataka kuja kukuamkia mwezi wa Agosti. Tu watu wanne, na siku zetu ni tatu. Je, nafasi iko, ama tutafute nyumba ya wageni, tuwe tukija kwako mchana?”

“Karibuni sana. Lakini chumba changu ni kimoja, wajua. Wewe na mvulana mtalala kwangu, na mkeo na binti yako nitawaombea kwa jirani. Njooni na unga na maharagwe, mwanangu, maana hapa hata kitunguu ni cha kununua.”

Maneno kama hayo hayana aibu. Mjomba amejua idadi ya watu na idadi ya siku. Naye mpwa amejua hali ya nyumba na kitu cha kuchukua. Gunia dogo la mahindi, mkungu wa ndizi, au kabichi chache za Wundanyi zina thamani kubwa kisiwani kuliko shati la dukani. Na pakiwa na fungu la fedha la kumpa mwenye nyumba kwa ajili ya maji, atiliwe mkononi siku ya kwanza, asingojee kuagwa.

Watu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mombasa hakuna shamba la kumpa mgeni jembe, basi ni lazima mgeni ajipe mwenyewe: afue nguo zake, afagie, aende sokoni, na siku aliyoiahidi kuondoka aondoke.

NGOME NA HABARI ZAKE

Asubuhi ya kwanza wengi huanzia Fort Jesus, na ni vyema, kwa kuwa mapema watu ni wachache na jua ni pole. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, basi kitambulisho kisisahauliwe nyumbani. Na yafaa kuwa na fedha katika simu, kwa maana malipo mengi ya serikali siku hizi hupokewa kwa njia hiyo.

Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 kwa ramani ya fundi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya jabali la matumbawe kwenye mlango wa bandari. Wareno walikuwa wamekwisha kuuchoma mji mwaka wa 1505 na tena mwaka wa 1528, lakini waliona kwamba kuchoma mji si kuutawala. Hata hivyo kuta zile nene hazikuwapa raha. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye wao wenyewe walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza, aliingia ngomeni na kuiteka. Walipoipata tena hawakudumu. Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na mazingiwa yale yaliendelea miezi 33, hata Desemba 1698, wakati ambapo njaa na maradhi yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi ndani kuliko risasi. Merikebu iliyokuja kuwasaidia Wareno mwaka wa 1697, jina lake Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Tangu mwaka wa 1977 wapiga mbizi waliichunguza, na vitu vilivyotolewa humo vinaonekana leo katika nyumba ya makumbusho.

Waingereza walipoitwaa pwani mwaka wa 1895 waliifanya ngome kuwa gereza, na gereza likakaa hapo hata mwaka wa 1958. Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mzazi mwenye watoto na asipite mbio. Na awaonyeshe mizinga, na michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno waliokuwa na hamu ya kwao, kisha awaulize: nani alijenga, nani alichukua mawe, na nani alikufa njaa? Mtoto atakayejibu maswali hayo amejifunza historia kuliko yule aliyepigwa picha ishirini juu ya mzinga.

MJI WA KALE SI MAKUMBUSHO

Ukitoka ngomeni hatua chache tu, zinaanza njia nyembamba za Mji wa Kale. Barabara yake kubwa ni Ndia Kuu. Nyumba zake nyingi ni za karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Uko Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka wa 1570, na mnara wake mweupe uliochongoka. Iko nyumba iitwayo Leven House, iliyopata jina lake kwa manowari ya Kiingereza ya Kapteni Owen aliyefika Mombasa mwaka wa 1824. Iko Bandari ya Kale, ambamo majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakiingia na kaskazi, yamepakia tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi na shehena ya boriti. Siku hizi merikebu kubwa zote hutia nanga upande wa pili, Kilindini, ambako maji ni ya kilindi kama jina lenyewe lisemavyo, na bandari ya zamani imebaki na mashua na majahazi machache. Katika mitaa hii aliishi Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita aliyefariki yapata mwaka wa 1840.

Lakini mgeni asije akadhani kwamba mitaa hii ni makumbusho yaliyowekwa kwa ajili yake. Watu wanaishi humo. Dirisha analolipiga picha ni la chumba cha mtu anayelala. Baraza anayoikalia kupumzika ni ya mzee ambaye baba yake aliijenga. Kuamkia hakugharimu kitu. Anayepita kimya na kamera mbele huonekana mjeuri, anayesema “Hamjambo, wazee?” hujibiwa, na mara nyingi huonyeshwa njia hata kabla hajauliza. Kumpiga picha mwanamke aliyevaa buibui bila idhini yake ni kosa kubwa. Mlangoni mwa msikiti viatu huvuliwa, na asiye Mwislamu huomba ruhusa kabla ya kuingia. Akikatazwa, husema asante akaenda zake. Mavazi nayo yawe ya stara. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, hazipandi Ndia Kuu.

Tena liko jambo ambalo macho ya haraka hayalioni. Nyumba hizi zinachakaa. Mwanzo wa miaka ya 1990 Mji wa Kale uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, ili nyumba zisivunjwe ovyo na milango yake isiuzwe. Lakini sheria haipaki chokaa wala hainunui boriti. Chumvi ya bahari hula ukuta kila siku, na mwenye nyumba aliyerithishwa pamoja na ndugu wengi mara nyingi hana fedha za kutengeneza wala hawezi kuuza bila ya wote kukubali. Mkulima ataelewa hayo upesi, kwa kuwa shamba lililorithiwa na ndugu saba bila mapatano nalo huota magugu. Kwa hiyo mgeni akila chakula chake kwa mama wa mtaani, akimlipa kijana wa hapo hapo kumtembeza kwa bei waliyopatana kabla, na akinunua kwa fundi badala ya mchuuzi wa barabarani aliyeleta vitu kutoka mbali, fedha zake hubaki mtaani.

CHAKULA, SOKO NA KIVUKO

Habari ya chakula haihitaji maneno mengi. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Jioni kuna viazi karai, mishkaki, na kahawa chungu inayouzwa katika madele ya shaba. Katika bustani ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwezi wa Oktoba 2019, familia hukaa chini ya mibuyu wakitazama merikebu zikiingia, huku wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Hiyo ni burudani ya fedha chache, nayo watoto huikumbuka kuliko hoteli.

Sokoni Marikiti na kando yake kuna viungo vya kila namna. Msafiri na anunue kidogo kidogo na kunusa kabla ya kulipa. Katika Mtaa wa Biashara ndiko kwenye leso. Leso huuzwa jozi, na kila moja ina jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini yake. Mnunuzi na ayasome vizuri kwanza, kwa sababu maneno mengine ni ya upendo na mengine ni ya kumchokoza jirani. Si vizuri kumpelekea mama mkwe leso yenye matusi ya mitala. Na wote wachukue vikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017.

Wengi hutaka pia kuvuka Likoni. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu katika feri. Lakini asiifanye kuwa mchezo wa watoto. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na pwani, imejaa watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 270 walikufa. Asubuhi na jioni, wafanyakazi wanapokwenda na kurudi, msongamano ni mkubwa. Mgeni hana haraka ya kazi. Basi na avuke saa nne au saa tano ya asubuhi, awashike watoto mikono, na feri ikijaa angoje nyingine. Kuchelewa dakika kumi hakujamzamisha mtu.

Watu wa milimani na wakumbuke pia malaria. Chandarua kitandani ni kinga njema, na mtu akipata homa baada ya kurudi nyumbani na amwambie mganga wa hospitali kwamba alikuwa pwani, ili apimwe upesi.

SIKU YA KURUDI

Mombasa ina mengi, na siku tatu au nne hazitoshi kuyamaliza. Hapo ndipo mtego ulipo. Siku ya mwisho watoto husema, “Baba, kesho tu,” na baba hupapasa ule mfuko wa nne. Siku moja ya ziada ni malazi, chakula na tikiti mpya. Nayo ikihesabiwa kwa uaminifu huweza kuwa gunia zima la mbolea. Mzazi aliyewaambia watoto hesabu yote kabla ya safari hana haja ya kugombana nao. Wanajua tangu mwanzo kwamba daftari za muhula wa tatu zimekwisha kutengwa, na kwamba bahari haihami.

Mabaharia wa Mvita wana methali yao: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu hutembea toka nyuma ya chombo hata mbele, lakini mwisho hurudi pale penye shehena. Anayekwenda Mombasa kwa mpango huikuta shehena yake salama siku anaporudi, karo imelipwa na mbegu ziko mfukoni. Mvua ya vuli ikianza kunyesha juu ya shamba lililokwisha kutifuliwa, hapo huwa na nafasi ya kuwasimulia majirani habari za ngome na za majahazi, naye husikilizwa, kwa kuwa hakuna anayekuja mlangoni kumdai.